Ilunga: jina moja, njia mingi za kufika Shituru



Kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, wanachama wetu wenye kuitwa Ilunga walikutana hapa Shituru ili kutafuta pamoja mahali jina lao lilipotoka. Walikuja na watoto, na wazee, na bahasha za karatasi za zamani. Wengine ni wa Shituru yenyewe, wengine walitoka Kikula, Panda na komine ya Likasi. Wazo lilitoka kwa wanachama wenyewe. Ku vikao vyetu, kila tunapoita majina, akina Ilunga wanne ao watano wanajibu mara moja na watu wanacheka. Ndani ya kicheko kile kulikuwa na swali: hawa wote ni ndugu ao hapana?

Swali hilo si la kupitisha wakati. Chama chetu ni cha watu waliorudi. Walifukuzwa hapa Likasi mwaka 1992 na 1993, wakapakiwa ku treni kwenda Kasai, na baadaye wakarudi ku mji waliozaliwa. Mtu aliyerudi anaombwa kila mara ajieleze: baba yako ni nani, lopango ni ya nani, asili yako ni wapi. Mjane anayefuata haki za bwana yake lazima aonyeshe kama Ilunga wa ku karatasi ni yule yule Ilunga wa nyumbani. Kijana anayeambiwa “wewe si wa hapa” anatafuta jibu, na mara mingi anatafuta jibu hilo ndani ya jina lake. Kwa hiyo tumeandika hapa yale tuliyojifunza, ili yasaidie na wale wasioitwa Ilunga.

Jina ni la mtu, si la nyumba

Jambo la kwanza lilivunja matumaini ya wengi tangu Jumamosi asubuhi. Tulitandika karatasi kubwa, na kila mtu akaandika jina lake chini, juu yake baba, juu yake nkambo. Wengi walifikiri jina Ilunga litapanda moja kwa moja mpaka juu, kama ngazi. Halikupanda. Ku hatua ya pili likapotea: baba wa Ilunga alikuwa Kalala, baba wa Kalala alikuwa Mwamba, na Ilunga hakuonekana tena mpaka ku nkambo wa mama.

Hiyo si ajabu. Kwa Wazungu wa Ulaya jina la familia linatoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na kaka na dada wote wanalibeba. Kwa Baluba, desturi ni ingine. Mtoto anapewa jina lake mwenyewe, na mara mingi ni jina la nkambo, la mjomba, ao la mtu ambaye jamaa inataka asisahaulike. Nyumba moja inaweza kuwa na baba Ilunga, na watoto Ngoy, Kasongo na Mutombo, na hakuna anayeshangaa. Majina mengine hayachaguliwi kabisa, yanakuja na kuzaliwa. Mapasa kwa Baluba wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga. Kwa Baluba wa Katanga ni Kyungu na Kabange.

Mtoto anayepewa jina la nkambo anakuwa ndoyi wake. Tunajua wote namna inavyokuwa: mama anamwita mtoto wake mdogo “papa,” kwa sababu mtoto amebeba jina la baba yake yeye mama. Ndiyo maana jina letu linaruka. Linamwacha mtoto na kumshika mjukuu. Linaacha upande wa baba na kutokea upande wa mama. Anayetafuta jamaa yake kwa kufuata jina moja tu, atafika haraka mahali pa kusimama. Lazima afuate watu, si jina.

Mzee mmoja, ambaye alifanya kazi miaka mingi ku usine, alisema kwa kifupi: “Sisi bote tuko ba Ilunga, lakini hatuko jamaa moja. Njo vile.” Wengine walihuzunika kidogo. Lakini hapo ndipo kazi ya kweli ilianza, kwa sababu swali lilibadilika. Badala ya kuuliza “Ilunga wa kwanza ni nani?” tuliuliza: “Kila Ilunga aliye hapa, alifika Shituru kwa njia gani?”

Ilunga wa wafalme

Hata hivyo, hakuna aliyekubali tuanze bila kuwataja wafalme, na ni haki yao. Jina Ilunga liko ndani ya masimulizi makubwa ya Baluba. Inasimuliwa kwamba zamani alitawala Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mkali, ambaye jina lake linafungwa na upinde wa mvua. Akaja mwindaji kutoka mashariki, Ilunga Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu, ambaye hakula mbele ya watu. Huyo akawaoa dada za Nkongolo, Bulanda na Mabela. Bulanda akamzalia mtoto, Kalala Ilunga. Mtoto akakua, akawa hodari wa vita na wa michezo, na mjomba wake Nkongolo akamwogopa. Akachimba shimo, akalifunika, akamwalika mpwa wake acheze ngoma juu yake. Kalala akaonywa, akaponyoka, akakimbilia kwa baba yake, na aliporudi na jeshi Nkongolo alikamatwa na kuuawa. Kutoka kwa Kalala Ilunga, wazee wanasema, ulianza utawala mtakatifu unaoitwa bulopwe, na kila mulopwe aliyefuata alijihesabu ku damu yake.

Masimulizi hayo si hati ya kuzaliwa. Wanahistoria wanayasoma kama mafundisho juu ya mfalme mwema na mfalme mbaya, na wanapima nyakati kwa njia ingine. Makaburi ya Sanga, ku ziwa Kisale, yanaonyesha kwamba watu waliishi na kufua chuma na shaba ku bonde la Upemba karne nyingi kabla ya wafalme wanaojulikana kwa majina. Lakini wafalme wa baadaye wanajulikana vizuri zaidi, na kati yao jina letu linarudi: Ilunga Sungu, aliyetawala mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, na Ilunga Kabale, aliyekufa karibu mwaka 1870. Mwanawe Ilunga Kabale, Kasongo Kalombo, ndiye Mwingereza Verney Lovett Cameron alimkuta mwaka 1874 alipokatiza Afrika.

Jina lilivuka pia mipaka ya Baluba. Masimulizi ya Balunda yanamtaja mwindaji Muluba, Tshibinda Ilunga, aliyemwoa malkia Lueji, na kutoka ndoa ile ukatokea utawala wa Mwant Yav. Wachokwe wa upande wa Angola walimchonga Tshibinda Ilunga ku mbao, na bunduki ya uwindaji ao fimbo mkononi; sanamu hizo leo ziko ku majumba ya makumbusho ya Berlin, Porto na Fort Worth, Marekani. Angalieni vilevile namna ya kuandika. “Mwindaji” kwa Kiluba cha Katanga ni kibinda, kwa Tshiluba cha Kasai ni tshibinda, na ku vitabu vya Kiingereza wanaandika Chibinda. Ni neno moja lenye sura tatu. Anayetafuta ndani ya daftari za zamani lazima akumbuke hilo: Ki, Tshi, Ci na Chi mara mingi ni mlango mmoja.

Watoto walipenda zaidi habari ya lukasa. Hiyo ni ubao mdogo, wa kushika mkononi, uliojaa shanga na alama za kuchonga. Wazee wa chama cha Mbudye waliupapasa kwa kidole, na kila shanga iliwakumbusha mfalme, safari, mahali patakatifu, ao ukoo. Kwa upande wa Kasai kuna kasala, ambamo msemaji anaita majina ya mtu na ya wakubwa wake, mmoja baada ya mwingine, ku kilio ao ku sherehe. Basi wale wanaosema kwamba sisi hatukuwa na archives wanasahau. Tulikuwa nazo, lakini zilihitaji mtu wa kuzisoma, na mtu yule akifukuzwa ao akifa njiani, kitabu kizima kinaondoka naye.

Tulisema wazi pia kwa vijana: kuitwa Ilunga si alama ya kuwa mtoto wa mfalme. Watu wa kawaida walichukua majina ya wafalme kwa heshima, kama vile leo mtoto wa Shituru anaweza kuitwa jina la papa wa Roma.

Katika daftari la kampuni

Njia iliyowaleta watu wengi hapa si njia ya wafalme, ni njia ya kazi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka ule ule ikaundwa kampuni ya reli ya BCK. Treni ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Ikafika Kambove mwaka 1913, Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 njia ikafika Port-Francqui, yaani Ilebo, ku mto Kasai. Likasi ilikuwa inaitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mkubwa wa kampuni. Ilirudishiwa jina lake mwaka 1966. Usine ya Shituru, ambamo shaba inatolewa kwa dawa na umeme, ilianza kazi mwaka 1929.

Mashimo na mausine yalihitaji mikono. Tangu 1910 Bourse du Travail du Katanga ilituma watu vijijini kutafuta wafanyakazi. Wengine walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wengine Ruanda-Urundi, wengine Angola, na wengi sana walitoka Lomami na Kasai. Mwanzoni mtu alifanya miezi michache, akarudi kwao akiwa mgonjwa ao hakurudi kabisa. Kuanzia karibu 1928 kampuni ilibadili njia: mkataba wa miaka mitatu, mke aje, watoto wazaliwe kambini, wasome ku masomo ya misioni, na baadaye wachukue nafasi za baba zao. Hapo ndipo ilizaliwa Shituru ya bankambo wetu: nyumba za mstari, posho ya kila juma, king’ora cha usine, na Kiswahili kama lugha ya watoto wote, baba awe Muluba, Mubemba, Musonge ao Munyarwanda.

Na hapo ndipo jina lilibadilika kazi yake. Karani wa kampuni hakutaka majina matano ya kasala. Alitaka jina moja la kuandika karibu na namba ya matricule. Mtu ambaye kijijini alikuwa na jina la kuzaliwa, jina la ujana na jina la sifa, alitoka ofisini na neno moja, limeandikwa kama sikio la karani lilivyosikia. Padri akaongeza jina la ubatizo. Mtu yule yule akawa Ilunga ku matricule, Joseph ku daftari la parokia, na jina la tatu kwa mama yake. Hatusemi kampuni ilifanya hivyo ili kuharibu jamaa. Ilitaka kuhesabu watu na kulipa mishahara. Lakini watoto wa kambini walianza kuandikwa kwa jina la baba, na kidogo kidogo jina la mtu likaanza kufanya kazi ya jina la familia.

Kambi hizo hazikuwa paradiso. Mwanzoni mwa Desemba 1941 wafanyakazi wa Panda na Shituru walisimamisha kazi juu ya mshahara, maana vita vya Ulaya vilipandisha bei za vitu. Askari walipiga risasi, watu wakafa hapa Jadotville, na siku chache baadaye wengine wengi wakauawa Élisabethville. Waliokuwa ku mgomo ule walitoka makabila mengi. Siku ile hakuna aliyeuliza Ilunga huyu ni wa Katanga ao wa Kasai.

Mpaka ndio uliohama

Tulipofungua bahasha za karatasi tulikuta jambo ambalo lilileta mabishano ya Jumamosi yote mchana. Karatasi ya nkambo mmoja ilimtaja kama mtu wa Lomami, Katanga. Ya mdogo wake, aliyeajiriwa miaka baadaye, ilimtaja kama mtu wa Kasai. Kijiji ni kimoja, baba ni mmoja, mama ni mmoja. Je, nani alidanganya?

Hakuna aliyedanganya. Zamani wilaya ya Lomami, na makao yake Kabinda, ilikuwa ndani ya Katanga. Mwaka 1933 serikali ya ukoloni ilipanga upya provinsi, na Lomami ikapelekwa ku provinsi mpya ya Lusambo, ambayo mwaka 1947 ikaitwa Kasai. Mtu aliyeajiriwa mwaka 1927 alitoka Katanga, ndugu yake aliyemfuata mwaka 1936 “alitoka nje.” Kijiji hakikusogea hata hatua moja. Majina ya juu yaliendelea kubadilika: Katanga ikawa Shaba mwaka 1971, ikarudi Katanga mwaka 1997, na mwaka 2015 ikakatwa vipande vinne, ndipo sisi tukawa Haut-Katanga. Mwaka ule ule Lomami ikawa provinsi yenyewe, na Kabinda ikawa tena mji mkubwa wake.

Tunaomba kila mwanachama aelewe vizuri jambo hili, kwa sababu watu walipoteza nyumba zao juu ya neno moja lililoandikwa ku karatasi. Neno lile lilitegemea mwaka ambao karani alishika kalamu.

Miaka ambayo jina lilikuwa hatari

Desemba 1957, Wabelgiji waliruhusu kwa mara ya kwanza uchaguzi wa komine ku miji mikubwa mitatu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Huku Katanga watu wenye asili ya nje, na zaidi wa Kasai, walipata nafasi nyingi. Mwaka uliofuata chama cha Conakat kiliundwa ili kutetea wale walioitwa wenyeji wa kweli. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe akatangaza Katanga kuwa nchi peke yake.

Wakati ule Baluba wa Katanga wenyewe, waliomfuata Jason Sendwe na chama cha Balubakat, walikataa kujitenga, na wakapigwa vibaya na jeshi la Katanga huko kaskazini. Baluba wa Kasai nao wakawindwa mijini. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Baluba, wa pande zote mbili, walikimbilia kambi karibu na askari wa Umoja wa Mataifa Élisabethville, na mwaka 1962 wengi wakasafirishwa kwenda Kasai ya Kusini na kaskazini ya Katanga. Kwa hiyo mwaka 1961 Ilunga wa Bukama na Ilunga wa Mwene-Ditu walilala ndani ya kambi moja, wakimwogopa askari mmoja.

Miaka 30 baadaye mstari ulichorwa mahali pengine. Agosti 1992 Conférence nationale ya Kinshasa ilimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Huku kwetu, chini ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, mwenyewe Muluba wa Katanga, watu wa Kasai waliitwa hadharani “bilulu,” yaani wadudu. Toka Agosti na Septemba makundi ya vijana yalipita Likasi nyumba kwa nyumba. Watu wakakimbilia gare na mashule, wakangoja treni kwa majuma na miezi, na wengi, zaidi watoto, wakafa wakingoja ao njiani. Mwezi Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Wengi wa waliofukuzwa walizaliwa Katanga, na baba zao vilevile. Walipelekwa “kwao,” mahali ambapo hawajawahi kuona.

Sasa Ilunga wa 1961 waliolala kambi moja walijikuta pande mbili. Na jina? Jina halikusema kitu. Kuna Ilunga wa Kasai waliopita salama kwa sababu jina lao linasikika pia huko Kamina na Malemba-Nkulu. Kuna wengine waliotajwa na majirani waliojua nkambo alitoka wapi. Mama mmoja alitusimulia, sauti yake chini: “Jina haikuniokoa. Ni jirani mwenye aliniokoa, na ni jirani mwenye alinionyesha kidole.” Walikuwa majirani wawili wa njia moja.

Katikati ya miaka hiyo jina lilipata pigo lingine, ambalo halina damu lakini linasumbua ofisini mpaka leo. Mwaka 1972 Mobutu aliamuru watu waache majina ya Kikristo. Joseph Ilunga akawa Ilunga na post-nom aliyoichagua: ya baba, ya nkambo, ao ya kijiji. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kuchagua tofauti. Baada ya Aprili 1990, milango ilipofunguliwa, majina ya ubatizo yalirudi. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na karatasi tatu zenye majina matatu, na mtoto wake anaambiwa alete ushahidi kwamba ni mtu mmoja.

Neno gumu la London

Jumapili asubuhi kijana mmoja alileta hadithi aliyoikuta ku simu. Mwaka 2004 kampuni moja ya watafsiri ya London iliuliza wataalamu elfu moja neno gani la dunia ni gumu zaidi kutafsiri, na neno lililoshinda lilikuwa “ilunga,” la Tshiluba. Walilieleza hivi: mtu aliye tayari kusamehe kosa la kwanza, kulivumilia la pili, lakini la tatu hapana. Habari ilizunguka dunia nzima.

Wazee walisikiliza mpaka mwisho, kisha wakauliza: ni nani aliyewaambia? Kwa wasemaji wengi wa Tshiluba, Ilunga ni jina la mtu, na maana ile hawaijui. Sisi pia hatutaiweka ndani ya historia yetu kama kitu cha kweli. Lakini watu walikaa juu ya habari hiyo kuliko tulivyofikiri. Mmoja alihesabu kwa vidole: 1960, mara ya kwanza, 1992, mara ya pili. Akanyamaza. Mama mwingine akamjibu kwamba yeye hakurudi Shituru kwa kusamehe ao kwa kukataa kusamehe. Alirudi kwa sababu mume wake amezikwa hapa na watoto hawajui lugha ingine isipokuwa Kiswahili. Tuliandika maneno yote mawili.

Na kwa vijana waliotaka kusikia jina lao kwa furaha, tuliwataja Mwepu Ilunga, mchezaji wa Lubumbashi aliyekwenda Kombe la Dunia la 1974 Ujerumani na timu ya Zaire, D.J. Mbenga, Ilunga-Mbenga kwa jina kamili, aliyechukua ubingwa wa basket wa NBA na Lakers mwaka 2009 na 2010. Na Sylvestre Ilunga Ilunkamba, mtu wa Katanga, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 2019 mpaka 2021. Hatuna ushahidi wowote kwamba watatu hao ni jamaa moja. Ndiyo somo lenyewe.

Mambo tuliyopatana

Mabishano makubwa ya mwisho yalikuwa juu ya daftari. Wengine walitaka chama kifungue kitabu kimoja kikubwa: jina, kijiji, teritware, kabila, kwa kila jamaa. Wafadhili pia wamekwisha kutuuliza mara mingi tuwape hesabu ya namna hiyo. Lakini mzee mmoja aliinuka na kukumbusha kwamba mwaka 1992 karatasi zenye majina na asili hazikuwa kitu cha kuchezea. Orodha inayosaidia mjane leo inaweza kesho kuwa mkononi mwa mtu anayetafuta milango ya kugonga. Wote tulinyamaza, maana wengi waliona.

Tukapatana hivi. Kila jamaa inaandika daftari yake yenyewe, na inabaki nyumbani kwake, nakala moja kwa mtoto anayekaa mji mwingine. Chama hakikusanyi kabila wala asili ya mtu. Chama kinaweka tu nakala za karatasi ambazo mwenyewe ameleta kwa ajili ya dosie yake, ndani ya kabati lililofungwa, na atazirudishiwa siku anazotaka. Wafadhili watapata hesabu ya dosie tulizosaidia, bila majina.

Kwa wale wanaoanza kutafuta, tunashauri hivi:

Anza na wazee walio hai, juma hili, si mwaka ujao. Uliza nani alimpa nani jina, na kwa nini. Mara mingi jibu la “kwa nini” linafungua vizazi viwili.

Tafuta namba ya matricule kabla ya kutafuta jina. Ilunga ni wengi. Namba ni moja. Iko ku kitabu cha kazi, ku karatasi ya hospitali ya kampuni, wakati mwingine nyuma ya picha. Waliotoka Gécamines mwaka 2003, wakati wafanyakazi 10.655 waliondoka kwa ile inayoitwa départ volontaire, mara mingi wanayo bado.

Nenda parokia, Wakatoliki na Wametodisti vilevile. Daftari la ubatizo linaandika baba, mama, na msimamizi wa ubatizo, na msimamizi mara mingi ni mtu wa kijiji kimoja.

Soma kila karatasi pamoja na mwaka wake. Ukikuta “Katanga” kabla ya 1933, ao “Shaba” kati ya 1971 na 1997, jua ni serikali iliyokuwa inaongea.

Usisahau upande wa mama. Jina linaruka, na mara mingi linaangukia huko.

Tangu sensa ya 1984 nchi yetu haijahesabu tena watu wake. Hakuna ofisi itakayotuletea historia ya jamaa zetu ku mlango. Archives za Union Minière ziko Brussels, na wachache kati yetu wataziona. Lakini watu waliozaliwa ku kambi za Shituru kabla ya uhuru wangali na sisi, na tuliwasikia wikendi ile.

Kwa wanachama: wenye kuitwa Kalala, Ngoy na Mbuyi wamekwisha kuomba siku zao. Leteni majina kwa katibu, na kila mtu aje na chakula cha kushiriki. Safari hii bukari ilikwisha kabla ya saa saba. Kwa wafadhili: tunachohitaji zaidi ni mashini ya kutoa nakala, madaftari magumu yasiyoharibika na mvua, na feza za usafiri kwa wazee wanaokaa Kikula na Panda. Asanteni kwa msaada wa viti na karatasi kubwa. Zile karatasi kubwa hatukuzichukua ofisini. Kila jamaa ilikunja yake na kwenda nayo.